Upanga na Heshima ya Chuma

Katika maduka ya Msimbazi, karibu na soko la Kariakoo, mtu akitaka upanga huonyeshwa panga la kufyekea. Upanga wenyewe, ule mnyofu wenye makali kuwili, haumo. Jina lake limebaki katika mtaa wa jirani uitwao Upanga, na katika kishungi cha jogoo, nacho huitwa upanga vilevile.

Hapo mwanafunzi mmoja alituuliza kwa nini Wajapani huuheshimu upanga kana kwamba una roho. Tulikaribia kumjibu ya kuwa huo ni ushirikina wa watu wa mbali. (Sisi walimu tu wepesi wa neno hilo.)

Huko Japani mfua panga hujitakasa kwa maji, huvaa nguo nyeupe, na kutundika kamba ya majani ya mpunga penye kiwanda chake, mahali pawe patakatifu. Upanga uitwao Kusanagi ni mmoja wa vitu vitatu vya enzi ya mfalme wao. Husemwa kuwa umo Atsuta, wala watu hawaonyeshwi. Katika mwaka wa 1876 serikali ilikataza watu kuvaa panga hadharani, isipokuwa askari na wakuu. Heshima yake haikukoma.

Mwaka uo huo Stanley alifika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, aliyewakaribisha Speke na Grant tangu 1861. Akaonyeshwa nyumba ya hazina: mikuki mizuri mno, mingine yenye bapa mbili, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Ng'ombe wale hawakamuliwi. Ni vitu vya enzi. Tena huko Rwanda, kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipofukuliwa, zilionekana nyundo mbili za chuma penye kichwa chake, kwa maana katika nchi zile mfalme alifananishwa na mhunzi.

Nao wahunzi wa Ufipa zamani waliifanya tanuri kama bibi arusi, na siku za kuyeyusha chuma hawakulala na wake zao. Je, huyo yuko mbali na mfua panga wa Japani?

Tulimwambia mwanafunzi hayo yote, na ya kuwa jibu letu la kwanza lilikuwa baya. Basi twawaomba walimu walioko Ufipa na Karagwe wawaulize wazee majina ya sehemu za tanuri na miiko yake, wayaandike kama yanavyotamkwa.