Jina la Pemba Mdomoni mwa Matapeli

Katika nguzo za umeme za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam kuna tangazo ambalo mpita njia yeyote ameliona: "Mganga kutoka Pemba". Chini yake imepangwa orodha ya anayoyaweza: kumrudisha mume aliyetoroka, kushinda kesi, kupata kazi, kusafisha nyota, kuvuta mali kwa majini. Halafu namba ya simu. Ukipiga, utaambiwa kwanza utume pesa ya ubani. Kesho yake itatakiwa ya mbuzi wa kafara. Keshokutwa majini wamekasirika na wanataka zaidi. Mwenye sauti hiyo huenda hajawahi kushuka bandari ya Mkoani, wala hajui kama Wete iko kaskazini au kusini ya Chake Chake. Anachokijua ni kwamba jina la Pemba, kisiwa chetu, linauzika, na kwa miaka mingi sasa amekuwa akiliuza bila ya kutulipa hata ushuru.

Sifa ya Pemba kwa uganga haikuletwa na simu. Mwaka 1931 vilitoka vitabu viwili vya Waingereza vilivyoitangaza. Kimoja ni cha W. H. Ingrams, ofisa wa kikoloni aliyefanya kazi Zanzibar, ambaye katika historia yake ya visiwa hivi aliandika kwa kirefu kuhusu uganga na uchawi wa Pemba. Cha pili ni *Remote People* cha Evelyn Waugh, msafiri aliyepita tu, lakini akawapa wasomaji wa London picha ya Pemba kama chuo kikuu cha mambo ya giza. Ndani ya Afrika Mashariki sifa hiyo ilikuwa ikisemwa kabla yao. Waganga Pemba wapo, na wapo wanaoheshimiwa. Lakini kwa desturi ya huku, mganga hupelekewa mtu na jamaa yake, akafikishwa mpaka mlangoni. Habandiki karatasi kwenye nguzo ya Nairobi.

Ulaghai tuliokuwa nao wenyewe kisiwani ulikuwa wa karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha sehemu kubwa ya ile ya Pemba, na tangu hapo uzito wa zao hili umekuwa upande wetu. Penye zao la thamani pana mwenye kulichezea. Karafuu zilinyunyiziwa maji usiku ili asubuhi zivute mizani. Makonyo yalichanganywa humo, na mchanga pia. Mnunuzi naye hakuwa malaika: palikuwa na pishi iliyojazwa kwa kilele wakati wa kununua na kufutwa kwa mkono wakati wa kuuza. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kupanga madaraja mazao yanayosafirishwa nje, na Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, iliyoanzishwa 1927, ikapewa nguvu zaidi sokoni. Mzee aliyezoea karafuu hakuhitaji sheria hiyo. Aliingiza mkono ndani ya gunia mpaka chini, akatoa chache, akaivunja moja kwa vidole. Iliyokauka hukatika kwa mlio. Yenye maji hupinda.

Hila ya kwenye gunia hugunduliwa kwa vidole. Hila ya maneno ni ngumu zaidi, na hapo ndipo hekaya za Abunuwasi zinaponipa maarifa kuliko kitabu chochote cha sheria. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na sufuria ndogo ndani yake: "Imezaa." Jirani anafurahi na kupokea zote mbili. Mara ya pili Abunuwasi harudishi kitu: "Imekufa." Jirani akipiga kelele kwamba sufuria haifi, anaulizwa mbona alikubali kwamba inazaa. Tumeisikia hekaya hii tukiwa watoto na tukacheka, na kicheko chote kilikuwa juu ya jirani.

Sasa tazama yaliyotokea Dar es Salaam mwaka 2009. DECI, mpango wa upatu uliokuwa na makao yake Mabibo, uliwaambia watu "wapande mbegu" kisha "watavuna". Wa mwanzo walivuna kweli. Walirudi mitaani na pesa mkononi, na hakuna tangazo linaloshinda jirani aliyelipwa. Mavuno yao yalikuwa mbegu za waliokuja nyuma. Serikali ilipoingilia kati, foleni za waliokuwa bado hawajavuna zilikuwa ndefu, na viongozi wa mpango huo wakafikishwa Mahakama ya Kisutu. Sufuria ilizaa mara moja, ikafa.

Nje ya kwetu historia hii ni ndefu zaidi. Ufaransa, Vidocq, mhalifu aliyegeuka mkuu wa wapelelezi, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1828 barua zilizoandikwa kutoka magerezani: mtumishi wa tajiri fulani amefungwa, kuna sanduku la vito limefichwa, tuma fedha kidogo ulipate. Hila hiyo baadaye ikajulikana kama ya "mfungwa wa Hispania". Karibu na mwisho wa karne ya 20 barua za aina hiyo zilisafiri kwa faksi kutoka Nigeria, zikapewa jina la 419 kwa kifungu cha sheria ya jinai ya huko, kisha zikaingia kwenye baruapepe. Mobutu alipofariki mwaka 1997, "wajane" wake wakaanza kuandikia dunia nzima wakitafuta mtu mwaminifu wa kuwatunzia mamilioni.

Pemba baruapepe hazikuwaumiza wengi. Kilichotufikia kwa nguvu ni simu. Baada ya M-Pesa kuanza Tanzania mwaka 2008, na huduma kama Ezypesa ya Zantel kuenea visiwani, pesa ilianza kuvuka bahari bila ya kupanda meli, na tapeli akavuka nayo. Ujumbe wake unajulikana nchi nzima: ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Hautaji kiasi, hautaji deni la nini, hautaji hata anayeandika. Unamwagwa kwa maelfu ya namba, kwa kuwa katika maelfu hayo hakosi mmoja ambaye dakika ile ile alikuwa anataka kumtumia mtu pesa kweli: kodi ya nyumba, ada ya mtoto, ujira wa wachumaji. Huyo hataona ajabu yoyote.

Watanzania wameugeuza ujumbe huo kuwa mzaha. Rafiki akikudai anakuandikia maneno yale yale, mnacheka. Wapo wanaomjibu tapeli: "Nitumie kwanza ya kutolea." Pemba tuna silaha yetu ya ziada, nayo ni lafudhi. Anapiga kijana, anamwita mzee "baba", anasema yuko hospitali Unguja na simu yake imeibiwa. Mzee anamsikiliza mpaka mwisho, halafu: "Mwanangu, mbona leo wasema kama mtu wa bara? Hebu nambie, ng'ombe wetu tulimfunga wapi juzi?" Simu inakatika, na baraza nzima, kikombe cha kahawa mkononi, inaangua kicheko.

Kicheko hicho nakipenda. Kipo chengine ninachokiogopa, kile cha kumcheka jirani wa Abunuwasi. Mama aliyepoteza pesa za mchezo wa kikundi chake hasemi, kwa kuwa anajua barazani ataitwa mjinga. Anaficha, mumewe hajui, shehe hajui, polisi hawajui. Wiki ya pili jirani yake anapigiwa na mtu yule yule, kwa maneno yale yale, naye anatuma. Tapeli analindwa na aibu ya aliyeibiwa, na sisi ndio tunaoitia nguvu aibu hiyo kila tunapocheka upande usiostahili.

Dola nayo haikukaa kimya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma. Katika ripoti zake za karibuni za majaribio ya utapeli kwa simu, mikoa iliyotajwa juu ya orodha ni Rukwa na Morogoro; wanaofanya biashara kwa jina letu wako mbali na kisiwa chetu.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Ulikusudiwa kumnyima tapeli pa kujificha. Naye alitafuta vidole vya wengine. Kijana wa kusajili laini anakaa na mwavuli wake sokoni, anamwambia bibi kidole hakijasoma, aweke tena, na tena. Bibi anaondoka na laini moja. Nyengine zimebaki kwa kijana, zote kwa jina la bibi, tayari kuuzwa. Ndiyo maana nawasihi wenye wazazi mashamba, Micheweni, Kengeja na kwengineko: chukueni simu ya mzee, bonyezeni *106#, mumsomee namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Asiyoitambua ipelekwe kwa kampuni ya simu ifungwe, kabla askari hajafika mlangoni kumuuliza habari za pesa ambayo hakuwahi kuiona.