Fundi na Mwanafunzi Kwenye Mstari Mmoja

Ion Keith-Falconer nilikutana naye kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa natafuta habari za Kalila na Dimna, zile hadithi za wanyama zilizotoka India, zikapita Uajemi, kisha Ibn al-Muqaffa akazitia katika Kiarabu karne ya 8. Katika pitapita zangu nikaona kwamba mwaka 1885 Mskoti mmoja alichapisha tafsiri yake ya Kiingereza, akitafsiri kutoka Kisiria. Sawa, Cambridge haikukosa wataalamu wa lugha za Mashariki. Kilichonishtua ni mstari uliofuata: bwana huyu alikuwa pia bingwa wa mbio za baiskeli.

Nikaacha hadithi za wanyama, nikaanza kufuata magurudumu. Nilitaka kujua mbio za wanafunzi zilianzaje, na hasa nani aliruhusiwa kuanza.

Nisifiche, swali hilo linanigusa. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, lilibandikwa tangazo la mbio za baiskeli za wanafunzi. Sharti la pili lilisema baiskeli iwe ya gia. Mimi nilikuwa na Phoenix nyeusi ya mjomba, iliyokwishabeba magunia ya mkaa kuliko ilivyobeba watu. Nikalisoma tangazo mara mbili, nikaenda zangu kula.

Turudi Uingereza. Mwaka 1874 vijana wa Oxford na Cambridge walishindana kwa baiskeli, na mwaka huohuo Keith-Falconer, akiwa na miaka 18, aliingia chuo cha Trinity, Cambridge. Baiskeli zenyewe zilikuwa zile za gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Hazikuwa na cheni. Pedali zilifungwa kwenye gurudumu la mbele moja kwa moja, kwa hiyo mzunguko mmoja wa mguu ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Ukitaka mwendo, unahitaji gurudumu kubwa. Ukitaka gurudumu kubwa, unahitaji miguu mirefu. Keith-Falconer alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 3. Kwa maneno mengine, gia yake alizaliwa nayo.

Alizaliwa na kingine pia. Baba yake alikuwa kabaila mwenye cheo, Earl wa Kintore. Hakuwa na haja ya kuuliza baiskeli itanunuliwa kwa fedha gani, wala nani atafanya kazi akiwa mazoezini. Katika michezo kadhaa ya Uingereza ya enzi hizo, neno "ridhaa" lilikuwa ukuta: anayeishi kwa kazi ya mikono, fundi au kibarua, hakuhesabiwa mwanamichezo wa ridhaa hata kama hajawahi kushindania senti.

Ndiyo maana naipenda sana siku moja ya Oktoba 1878. Siku hiyo, tarehe 23, Keith-Falconer alishindana maili 5 pale Cambridge na John Keen, bingwa wa wanaolipwa, fundi aliyekuwa akiunda baiskeli mwenyewe. Mtoto wa Earl na fundi, mstari mmoja.

Tena hebu sikiliza alivyojiandaa. Alimwandikia Isaac Pitman, yule aliyebuni mfumo mmojawapo wa hati mkato, akamweleza kwamba ahadi ya mbio hizo aliitoa mapema mwaka ule, halafu akaisahau kabisa! Alikuja kukumbushwa kwa bahati tu, zikiwa zimebaki siku 9. Akaacha kuvuta tumbaku. Akawa anaamka mapema na kupunga hewa kabla ya kifungua kinywa, saa nne ya usiku hazimkuti macho, nyama na vitu vya ngano vitamu akapunguza, na mazoezi akayafanya nje, polepole. Kila anayeanza mchezo huu leo ataambiwa karibu mambo hayohayo, ila ataambiwa siku 9 hazitoshi. Kwake zilitosha. Alimshinda Keen kwa yadi kama 5.

Mwaka 1882 aliendesha kutoka Land's End hadi John o'Groats, kutoka ncha ya kusini-magharibi hadi ya kaskazini-mashariki ya Uingereza, maili 994 kwa siku 13. Mwaka 1886 akateuliwa kuwa profesa wa Kiarabu Cambridge. Mwaka uliofuata, akiwa mmisionari Sheikh Othman karibu na Aden, bandari iliyofahamika vyema kwa manahodha wa pwani yetu, homa zikamuua. Alikuwa na miaka 30.

Nilipomaliza kusoma habari zake nilibaki namfikiria Keen. Yeye hakuwa na chuo. Mbio za vyuo, kwa jinsi zilivyoundwa, zilikuwa zimemfungia nje kabla hajapanda baiskeli. Alikaribishwa siku moja, akapambana, akarudi kwenye karakana yake.

Sasa naruka miaka 70 na ushei na bahari moja, hadi Bloomington, Indiana, kwa sababu huko swali hilohilo lilipata jibu jingine. Mwaka 1951 Howdy Wilcox, ambaye baba yake alishinda mbio za magari za Indianapolis 500 mwaka 1919, alianzisha pale Chuo Kikuu cha Indiana mbio zilizoitwa Little 500. Si mbio za barabarani; ni mizunguko 200 ya uwanja, jumla maili 50. Timu ni 33, kama magari ya Indianapolis. Kila timu ina wapanda baiskeli wanne wanaopokezana: huyu anaruka chini, mwenzake anarukia tandiko, gurudumu halijasimama.

Mambo mawili yalinifurahisha. Kwanza, fedha zilizokusanywa zilikusudiwa wanafunzi waliokuwa wakijisomesha kwa kufanya kazi. Pili, baiskeli zinafanana zote: gia moja, breki ya kukanyaga kinyumenyume. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, jamani. Phoenix ya mjomba ingepata wenzake!

Lakini mlango haukufunguka wote. Wanawake waliwekewa mashindano ya baiskeli za magurudumu matatu, kama za watoto. Mwaka 1987 timu ya wanawake ilijaribu kufuzu mbio za wanaume, ikakosa. Mwaka 1988 zikaanza Little 500 za wanawake, mizunguko 100.

Katika timu iliyoshinda mwaka 1962 alikuwamo Steve Tesich, kijana aliyezaliwa Yugoslavia na kufika Marekani akiwa na miaka 14. Mwenzake Dave Blase aliendesha mizunguko 139 kati ya 200, na Tesich akaja kuandika filamu iliyochota humo, Breaking Away ya 1979, ikampa tuzo ya Oscar. Ndani ya filamu hiyo wanaowashinda wanafunzi ni vijana wa mjini, watoto wa wachonga mawe. Mhamiaji yule aliona nani hayumo kwenye orodha, akamwingiza kwa kalamu. Miaka 101 baada ya Cambridge, safari hii fundi akashinda.

Siku hizi mbio za barabarani za vyuo vya Marekani hugawanywa kwa madaraja yenye herufi. Wakali wako A, na mgeni anaanzia chini kabisa. Pointi anazopata huko chini zinaingia kwenye hesabu ya chuo chake pamoja na za wakali. Mwisho wa Jumapili, aliyejifunza mwaka huu kukaa ndani ya kundi bila kugusa gurudumu la mwenzake naye amechangia. Gharama ya baiskeli bado ipo, hiyo hakuna herufi iliyoiondoa.

Mara nyingi hudhani tangazo letu liliandikwa na mtu asiye na ubaya wowote. Alitaka mbio ziwe nzuri, basi. Angeongeza mstari mmoja tu, "wenye baiskeli za gia moja watakuwa na mbio zao", ningejiandikisha. Huenda ningekuwa wa mwisho. Mjomba angeuliza kwa nini tairi limeisha, nami ningekuwa na la kumweleza.