Montreal ililea, wengine wakavuna: historia ya besiboli ya Kanada

Aprili 2025 klabu ya Toronto Blue Jays ilimwongezea mkataba mpigaji wake, Vladimir Guerrero Jr., kwa miaka 14 na dola milioni 500 za Marekani. Ni miongoni mwa mikataba mikubwa kabisa iliyowahi kusainiwa katika michezo. Guerrero alizaliwa Montreal mwezi Machi 1999, wakati baba yake, naye Vladimir, akiwa nyota wa Montreal Expos. Klabu hiyo ilipohamishwa kwenda Marekani, mtoto alikuwa na miaka mitano. Machi 2018, akiwa bado hajaingia rasmi kikosi cha kwanza cha Toronto, alirudi katika Uwanja wa Olimpiki wa Montreal kwa mechi ya kirafiki na kupiga mpira uliovuka uzio katika zamu ya tisa. Blue Jays wakashinda 1-0. Jezi yake ilikuwa namba 27, ile ile ya baba yake, na uwanja mzima ulisimama.

Ligi Kuu ya Besiboli ina klabu 30, na Toronto ndiyo pekee ya Kanada. Zamani zilikuwa mbili. Jinsi moja ilivyobaki na nyingine ikapotea ni habari ya kile waandishi wetu wa michezo wanachokiita kusuka kikosi upya.

Kwa aliyezoea soka, jambo hili linahitaji maelezo kidogo. Katika soka, timu inayouza nyota wake wote huweza kushuka daraja kabla chipukizi wake hawajakomaa. Ligi Kuu ya Besiboli haina kushuka daraja. Klabu inaweza kufungwa mechi 100 kati ya 162 za msimu na ikabaki pale pale, tena kwa miaka mingi utaratibu wa ligi uliipa klabu iliyoburuta mkia nafasi ya mbele katika kuchagua vijana wanaotoka shule na vyuo. Ndiyo maana viongozi wanaweza kuamua kuuza wakongwe, kukusanya vijana na kuvumilia vipigo miaka mitatu au minne. Lakini kulea vijana ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kuwa na fedha na nia ya kubaki nao wakishaiva. Montreal iliimudu nusu ya kwanza kuliko karibu klabu zote za zama zake, na kila mara ikakwama kwenye ya pili.

Mapenzi ya mji huo kwa besiboli ni ya zamani kuliko Expos. Mwaka 1946 Brooklyn Dodgers walimpeleka Jackie Robinson katika timu yao ya daraja la chini, Montreal Royals. Wakati huo Ligi Kuu ilikuwa imewafungia mlango wachezaji weusi kwa zaidi ya miaka 50. Kiongozi wa Dodgers, Branch Rickey, aliona Robinson aanzie Montreal, nje ya nchi iliyokuwa na sheria za ubaguzi katika majimbo yake ya kusini. Robinson na mkewe Rachel walipata nyumba ya kupanga katika mtaa wa watu wa kawaida wanaozungumza Kifaransa, na majirani wakawapokea vyema. Msimu huo aliongoza ligi yake kwa upigaji na Royals wakatwaa ubingwa. Baada ya mechi ya mwisho mashabiki walimbeba mabegani. Aprili 15, 1947 aliingia Ligi Kuu akiwa na Brooklyn, na besiboli ya Marekani ikabadilika moja kwa moja.

Klabu ya Ligi Kuu ilikuja miaka 22 baadaye. Meya Jean Drapeau, yule yule aliyeleta maonyesho ya dunia ya Expo 67, aliisaka kwa bidii. Tajiri Charles Bronfman, wa familia iliyomiliki kampuni ya vileo ya Seagram, akatoa fedha. Jina la Expos lilitokana na maonyesho hayo. Aprili 8, 1969 walianza ugenini New York na kuwafunga Mets 11-10. Aprili 14, katika kiwanja kidogo cha Jarry Park, walicheza mechi ya kwanza ya msimu wa Ligi Kuu kuwahi kufanyika nje ya Marekani, wakawafunga St. Louis Cardinals 8-7. Siku tatu baadaye mrushaji wao Bill Stoneman alimaliza mechi nzima bila mpinzani hata mmoja kumpata kwa gongo. Baada ya hapo ukweli ukawakuta: walimaliza msimu wakiwa wamefungwa mechi 110. Mashabiki hawakukimbia. Walimpenda Rusty Staub, mpigaji mwenye nywele nyekundu kutoka New Orleans aliyejifunza Kifaransa ili aongee nao, nao wakampachika jina la Le Grand Orange.

Matunda ya kwanza yalionekana mwishoni mwa miaka ya 1970. Gary Carter, Andre Dawson na Tim Raines walichaguliwa na Expos wakiwa chipukizi, wakalelewa katika timu zake za chini, na wote watatu leo wamo katika Jumba la Mashujaa la Cooperstown. Mwaka 1981 walifika hatua ya kuwania ubingwa wa Ligi ya Taifa, moja ya nusu mbili za Ligi Kuu, dhidi ya Los Angeles Dodgers. Mechi ya tano, ya kuamua, ilipigwa Montreal Jumatatu ya Oktoba 19 katika baridi kali. Matokeo yalikuwa 1-1 zamu ya tisa, wageni wakiwa wamebakiza mtu mmoja tu kabla ya zamu yao kuisha, Rick Monday alipoupiga mpira wa Steve Rogers ukavuka uzio. Dodgers wakashinda 2-1. Montreal haikucheza tena mechi ya mtoano.

Kisha ukaanza mtiririko wa kuondoka. Carter aliuzwa New York Mets mwishoni mwa 1984, akatwaa ubingwa huko mwaka 1986. Dawson, ambaye magoti yake yalikuwa yameumizwa na sakafu ngumu ya nyasi bandia ya Uwanja wa Olimpiki, alikwenda Chicago Cubs mwaka 1987 na msimu huo huo akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Randy Johnson, mrushaji mrefu wa mkono wa kushoto, alitolewa kwa Seattle mwaka 1989 akiwa hajaonyesha hata robo ya uwezo wake. Baadaye alishinda tuzo ya mrushaji bora mara tano.

Toronto nayo ilikuwa imeingia ligi mwaka 1977, chini ya mwavuli wa kampuni ya bia ya Labatt. Mechi yao ya kwanza, Aprili 7, ilichezwa theluji ikianguka, hata ikabidi kuazima mashine ya kulainishia barafu ya klabu ya hoki ya Maple Leafs ili kusafisha kiwanja. Walishinda siku hiyo, halafu wakafungwa mechi zaidi ya 100 katika kila mmoja wa misimu mitatu ya mwanzo.

Aliyewatoa huko ni meneja mkuu Pat Gillick, mtu ambaye, kwa maoni yangu, anastahili nafasi ya kwanza katika historia nzima ya besiboli ya Kanada. Gillick alikuwa na macho ya kuona alichokipuuza mwenzake. Alitumia kanuni inayoruhusu klabu kuchukua wachezaji walioachwa bila ulinzi na klabu nyingine, na kwa njia hiyo akampata George Bell kutoka Philadelphia, aliyekuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1987. Aliwekeza katika Jamhuri ya Dominika mapema, akimtumia msaka vipaji Epy Guerrero, na huko akapatikana Tony Fernández. Kuanzia 1983 hadi 1993 Blue Jays walishinda mechi nyingi kuliko walizofungwa kila msimu, bila kukosa hata mmoja.

Lakini ubingwa ulikuwa ukiwaponyoka. Ndipo Desemba 1990 Gillick akafanya jambo lililowashtua wengi: akawatoa San Diego nyota wake wawili, Fernández na Fred McGriff, akawachukua Roberto Alomar na Joe Carter. Uwanja mpya wa SkyDome, wenye paa linalofunguka, ulikuwa umeanza kutumika Juni 1989, na mwaka 1991 Toronto ikawa klabu ya kwanza katika historia ya ligi kuingiza watazamaji milioni nne kwa msimu. Fedha hizo zililipa mishahara ya wakongwe kama Dave Winfield. Oktoba 1992 waliwafunga Atlanta Braves, na kombe likatoka nje ya Marekani kwa mara ya kwanza. Kocha wao, Cito Gaston, akawa kocha mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa huo. Oktoba 23, 1993 wakarudia dhidi ya Philadelphia, Joe Carter akimaliza fainali kwa pigo moja lililovuka uzio wa kushoto katika zamu ya tisa.

Mwaka uliofuata zamu ilikuwa ya Montreal. Felipe Alou, kocha mwenye busara nyingi kutoka Jamhuri ya Dominika, alikuwa na kikosi ambacho hadi leo wataalamu hukitaja kwa heshima: mwanawe Moises Alou, Larry Walker mzaliwa wa British Columbia, Marquis Grissom mwenye mbio, warushaji Ken Hill na John Wetteland, na kijana mwembamba aitwaye Pedro Martínez, ambaye Dodgers walimwachia wakidhani mwili wake hautahimili kazi. Mishahara yao ilikuwa miongoni mwa midogo kabisa katika ligi. Hadi Agosti 11 walikuwa wameshinda mechi 74 na kufungwa 40, wakiongoza ligi nzima.

Agosti 12, 1994 wachezaji wa klabu zote waligoma. Wamiliki walitaka kuweka ukomo wa mishahara, wachezaji wakakataa. Septemba 14 ikatangazwa kwamba msimu umefutwa pamoja na fainali, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1904. Vita vikuu viwili vya dunia havikuweza kuizuia fainali hiyo. Mzozo wa fedha uliizuia.

Mgomo ulipoisha, Aprili 1995, kilichotokea Montreal hakikuwa kusuka kikosi upya. Kilikuwa mnada. Bronfman alikuwa ameshauza klabu mwaka 1991 kwa kundi la wafanyabiashara lililoongozwa na Claude Brochu, na wabia hao hawakutaka kuongeza fedha. Mapato yalikuja kwa dola ya Kanada iliyokuwa ikidhoofika, mishahara ikalipwa kwa dola ya Marekani. Ndani ya siku chache Hill alipelekwa St. Louis, Wetteland New York Yankees, Grissom Atlanta. Walker aliachwa aende Colorado bila klabu kupata chochote. Grissom alitwaa ubingwa na Atlanta mwaka huo huo, Wetteland na Yankees mwaka uliofuata. Mwaka 1997 Martínez alishinda tuzo ya mrushaji bora wa Ligi ya Taifa. Novemba akauzwa Boston, na mwaka 2004 akasaidia kuvunja ukame wa ubingwa uliodumu huko miaka 86.

Shabiki anaweza kuvumilia kufungwa. Hawezi kuvumilia kujua mapema kwamba kila anayempenda atauzwa. Watazamaji wakapungua hadi 642,745 kwa msimu mzima wa 2001. Mmiliki mpya, Jeffrey Loria, aliingia mwishoni mwa 1999, na msimu uliofuata klabu haikuwa na matangazo ya redio wala televisheni kwa Kiingereza. Mwaka 2002 ligi yenyewe iliinunua Expos kwa dola milioni 120, naye Loria akanunua klabu ya Florida. Ligi ilikuwa ikipanga kuifuta Montreal kabisa, na kwa kuwa hakukuwa na kesho ya kulinda, meneja mkuu Omar Minaya aliwatoa vijana kadhaa, akiwemo Cliff Lee, Grady Sizemore na Brandon Phillips, ili kumpata mrushaji mmoja, Bartolo Colón. Wote watatu walikuja kuwa nyota. Misimu miwili ya mwisho mechi zipatazo 22 za nyumbani kwa kila msimu zilichezwa Puerto Rico. Septemba 29, 2004 kuhamia Washington kulitangazwa, na jioni yake watu 31,395 walikwenda Uwanja wa Olimpiki kuaga. Klabu hiyo, kwa jina la Nationals, ilitwaa ubingwa mwaka 2019.

Toronto nayo haikustarehe. Baada ya 1993 ilikaa misimu 21 bila mechi ya mtoano. Ilimtoa mrushaji wake mkuu, Roy Halladay, mwaka 2009. Lakini tangu mwaka 2000 ilikuwa mikononi mwa kampuni kubwa ya mawasiliano, Rogers, yenye televisheni na mfuko wa kuhimili miaka mibaya. Alex Anthopoulos, mzaliwa wa Montreal aliyeanza kazi katika ofisi za Expos, aliirudisha kwenye mtoano mwaka 2015 akiwa meneja mkuu. Kikosi kikasukwa tena, kikafungwa mechi 95 mwaka 2019, kikashika mkia wa kundi lake 2024. Mwaka 2025 kikafika fainali na kupoteza mechi ya saba kwa Dodgers, 5-4, katika zamu ya 11.

Wapo wanaosema Montreal ilipoteza klabu kwa sababu haikuipenda besiboli. Hilo si kweli. Mji huo uliingiza watazamaji zaidi ya milioni mbili kwa msimu mara kadhaa kati ya 1979 na 1983, na Machi 2014 watu zaidi ya 96,000 walijaa kwa siku mbili kutazama mechi za kirafiki za klabu za miji mingine. Waliokosea ni wamiliki waliouza kikosi cha 1994. Stephen Bronfman, mtoto wa mwanzilishi, alijaribu kuipatia Montreal nusu ya mechi za nyumbani za klabu ya Tampa Bay. Ligi ilikataa Januari 2022, na mpaka sasa Montreal haina klabu.