Kutoka Majengo Hadi Kilindini

Njia ya makuli wa zamani wa Mombasa inaanzia Majengo. Nimeifuata alfajiri, maana ndiyo saa waliyoamka, chumba kimoja wanaume kadhaa, kila mmoja akajiamulia: leo naenda au siendi? Kibarua wa bandari ya Kilindini alilipwa kwa siku. Akishapata ya kodi na chakula, aliweza kupumzika au kurudi shambani kwao. Wakubwa wa bandari walimwita mvivu. Mimi naona alijua thamani ya siku yake.

Ila uhuru huo haukushibisha. Vita Kuu ya Pili ilipandisha bei ya kila kitu, ujira ukaachwa nyuma. Tarehe 13 Januari 1947 mji ukasimama kwa mgomo: makuli, watu wa reli, matarishi, wapishi wa hoteli na hata watumishi wa majumbani, wapatao 15,000. Kwa siku kama kumi na mbili walikusanyika kwenye uwanja walioubatiza Kiwanja cha Maskini. Walitaka nyongeza, na kazi sawa ilipwe sawa bila kutazama rangi. Chege Kibachia akawa kiongozi wa shirikisho lao la wafanyakazi. Jaji Thacker aliteuliwa kusikiliza madai, na mishahara ikapanda. Agosti mwaka huohuo Kibachia akakamatwa na kupelekwa Kabarnet, mbali na bahari. Serikali ililipa deni, kisha ikamfunga mdai.

Nimepita Makupa, nikashuka Shimanzi. Huku ndiko habari inakogeuka. Machi 1955 makuli waligoma tena. Tom Mboya, kiongozi kijana wa vyama vya wafanyakazi, mwenye miaka 24, alitoka Nairobi, akawashawishi warudi kazini ili mazungumzo yaanze. Usuluhishi ukawapa nyongeza ya karibu theluthi ya mshahara. Ushindi mkubwa, hakuna ubishi.

Lakini mwajiri anayelipa zaidi hudai zaidi. Kampuni za bandari zikaona hakuna faida kumlipa vizuri mtu anayekuja apendapo. Mwisho wa miaka ya 1950 ukibarua ulianza kufutwa: makuli wachache, wa kudumu, wenye mshahara wa mwezi na chama cha kuwasemea, wakabeba mizigo ambayo zamani iligawanywa kwa kundi kubwa. Aliyebaki aliweza kusomesha watoto. Aliyezoea siku tatu bandarini na nne shambani hakuwa tena na jina kwenye orodha.