Bwaga Moyo: Neno Moja, Mizigo Miwili

Katika maneno tuyatumiayo kila siku ni machache yenye kazi nyingi kama neno moyo. Daktari akilitaja ana maana ya kiungo kidundacho kifuani. Sisi wengine twalipeleka mbali zaidi. Mwalimu humtia mwanafunzi moyo. Mwanafunzi huhifadhi somo kwa moyo. Akifeli huvunjika moyo. Mkarimu ana moyo mkunjufu, mkatili ana moyo wa jiwe, na ajitoleaye pasipo malipo twasema ana moyo.

Kitenzi kubwaga nacho hakikai mahali pamoja. Mchukuzi hubwaga mzigo, mcheza mieleka humbwaga mwenzake, mgombea humbwaga mpinzani kwa kura, na aliyechoka kushindana hubwaga manyanga. Tena kubwaga si kutua. Atuaye huweka taratibu. Abwagaye huachia kwa ghafla.

Maneno hayo mawili yalipokutana yalizaa jina Bwagamoyo, ambalo leo twaliandika Bagamoyo, mji ulio kilometa 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam. Lakini moyo wa nani ulibwagwa? Wako wasemao ni wa mtumwa: alipoiona bahari alijua harudi tena kwao, akauacha moyo wake hapo. Wengine wasema ni wa mpagazi aliyetoka Unyamwezi na pembe ya ndovu begani, akaiona minazi, akajua safari imekwisha.

Nilipokuwa chuo cha ualimu niliwauliza walimu wanafunzi swali hili mwaka hadi mwaka, na wengi walimchagua mtumwa. Niliwaomba waanze na lugha. Aliyepoteza tumaini, Mswahili husema amekufa moyo, au amekata tamaa. Kubwaga moyo ni kutuliza nafsi, kuweka wasiwasi kando. Kwa kipimo cha lugha, mpagazi anashinda.

Historia nayo inamuunga mkono. Bandari kuu ya kusafirishia watumwa katika pwani yetu ilikuwa Kilwa Kivinje. Utajiri wa Bagamoyo ulitokana zaidi na pembe za ndovu. Safari ya kati ya Tabora na pwani ilichukua miezi, na mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, kwa ujira uliolipwa mara nyingi kwa nguo. Wanyamwezi wengi walioifanya kazi hiyo walikuwa watu huru.

Hata hivyo nisingependa ushindi huo umfute mtumwa. Watumwa nao walipita Bagamoyo wakivushwa kwenda Unguja, hadi Sultani Barghash alipofunga soko la huko mwaka 1873, na hata baadaye kwa siri. Mapadri wa Roho Mtakatifu, walioanzisha misioni Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Hao nao walikuwa na mioyo.

Na mtu mmoja aweza kubeba mizigo yote miwili. Februari 1874 msafara uliingia Bagamoyo ukiuchukua mwili wa David Livingstone, aliyefariki Mei 1873. Moyo wake walikuwa wameuzika Chitambo, katika Zambia ya leo. Mmoja wa viongozi wa msafara ule alikuwa Chuma, aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 angali mdogo. Siku ile alipoutua mzigo wake, nani aweza kusema alibwaga moyo kama mtumwa wa zamani, au kama kiongozi wa safari aliyetimiza kazi yake?

Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara ya miguu ikafifia. Mpagazi akasahaulika. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na uzito wa mzigo wake hatuuhisi tena. Mgeni afikapo husimuliwa machozi, naye mtoto wetu husikia hayo hayo. Ni haki ayasikie. Lakini tukiishia hapo, tutakuwa tumemfundisha kwamba babu zake walijua minyororo tu. Na aambiwe pia juu ya mtu huru aliyetembea miezi, akafika salama, akapokea ujira wake, akapumua.