Ngao na Kofia: Nembo ya Askofu Machoni pa Mombasa Bara

Muumini Mkatoliki wa Likoni au wa Changamwe aipokeapo barua ya kichungaji, jambo la kwanza alionalo juu ya karatasi ni nembo ya Askofu Mkuu: ngao, msalaba nyuma yake, na kofia ya kijani yenye kamba zishukazo kwa vishada kuume na kushoto. Wengi huihesabu kuwa pambo. Na wako waishutumuo kuwa ni masalia ya mabwana wa Ulaya waliochora ngao ili watambulikane vitani, shutuma ambayo si nyepesi katika mji uliomwona Mreno akiijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Dai langu ni kwamba nembo hiyo ina wenyewe wawili: kilicho juu ya ngao na nyuma yake ni mali ya cheo, na kilicho ndani ya ngao ni kauli ya mtu, na katika hiyo kauli watu wa bara wana haki yao.

Tuanze na cheo. Vishada vya askofu hupangwa kwa safu ya kimoja, viwili na vitatu, jumla 6 kila upande. Vya askofu mkuu huongezwa safu ya vinne, vikawa 10, na msalaba wake huwa na mikono miwili badala ya mmoja. Kardinali ana 15, na kofia yake ni nyekundu. Kwa hiyo Jimbo la Mombasa lilipopandishwa daraja kuwa Jimbo Kuu mwaka 1990, John Njenga, aliyekuwa askofu wake tangu 1988, alistahiki kwa kanuni vishada vinane zaidi, bila ya kulazimika kugusa hata mstari mmoja wa ngao yake. Mtu alikuwa yuleyule. Kilichozidi ni dhamana.

Wala Roma haikuiacha sanaa hii kama ilivyoirithi. Mahali ambapo shujaa aliweka chapeo ya vita, kasisi aliweka kofia. Mwaka 1951 maaskofu wakakatazwa kutia mataji na alama za usharifu wa koo zao. Na mwaka 1969, katika zama za Papa Paulo VI, wakaamriwa kuondoa pia mitra na bakora. Mwenye kuishutumu nembo kwa asili yake hana budi kuyazingatia haya yaliyopunguzwa.

Ama pwani yetu haikuwa ngeni wa alama za enzi. Siwa, yaani baragumu ya enzi, ya Pate, ya pembe za ndovu, na ile ya Lamu, ya shaba, zilipigwa katika shughuli kubwa za mji, nazo zimedumu watawala wakipita. Ngao ya askofu ni kinyume: hairithiwi, kila ajaye huja na yake. Ndipo inapolazimu kuuliza inasema na nani. Kanisa kuu la Roho Mtakatifu liko kisiwani. Lakini Changamwe, Kisauni na Likoni, upande wa bara, kumejaa Wakamba, Waluo, Waluhya na Wataita waliofuata kazi za bandari na za reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, wakaishi pamoja na Wamijikenda wenye nchi. Jahazi na mnazi humjia mchoraji upesi, lakini ndiyo mandhari anunuayo mtalii pia; havimtaji mpakuzi wa mizigo wala mama avukaye na feri alfajiri kwenda sokoni.

Kanuni za sanaa hii hazizuii kuwataja. Zataka umbo sahili na rangi zionekanazo kwa mbali, dhahabu isiwekwe juu ya fedha. Reli, nanga na jembe vyote vyaingia bila taabu. Kofia imekwisha kumwambia Mkristo wa Kisauni ni nani aliyetumwa. Ni wajibu wa ngao kumwambia ametumwa kwa nani.