Lebo za grafu na majina ya maji ya Kilindini

Jina Kilindini ni kipimo. Kilindi, kwa wanaoijua bahari, ni mahali penye kina kirefu, na ile -ni ya mwisho inatuambia kwamba kina chenyewe ki papa hapa. Waliopaita hivyo waliandika kwa neno moja kile ambacho nahodha mgeni angelazimika kukitafuta kwa kamba na timazi.

Sogea kidogo upande wa Changamwe, utakuta jina la aina nyingine kabisa: Port Reitz. John James Reitz alikuwa luteni wa jeshi la majini la Uingereza, mmoja wa watu wa Kapteni William Owen, aliyeipima pwani ya Afrika kati ya 1821 na 1826 kwa meli za Leven na Barracouta. Mwaka 1824 Wamazrui wa Mombasa walitaka himaya ya Waingereza dhidi ya Sultani wa Omani, na Owen akamwacha Reitz awe msimamizi wa mji. Hakuumaliza mwaka, homa ilimwondoa. Jina lake likabaki kwenye ramani, likatoka kwenye ramani likaingia midomoni, na leo makanga wa matatu huita abiria kwa jina la marehemu huyo bila kujua wala kutaka kujua alikuwa nani. Halitwambii lolote kuhusu maji.

Nimeanza na ramani kwa sababu grafu nayo ni ramani. Ina pande mbili, ina alama, na pembeni ina maandishi yanayomwambia msomaji anatazama nini. Maandishi hayo ndiyo lebo, na makala haya yanahusu nani huyaandika na kwa lugha gani.

William Playfair wa Uskoti alipochapisha kitabu chake cha grafu za biashara mwaka 1786, aliandika miaka upande wa chini na fedha upande wa kando. Grafu ya mtawanyiko, ile isiyo na mstari bali vitone tu, ilikuja baadaye. Wanahistoria wengi humtaja mwanafalaki John Herschel, aliyetumia vitone mwanzoni mwa miaka ya 1830 kuchunguza nyota pacha. Kila kitone kina mambo mawili: umbali wake kutoka kushoto na kimo chake kutoka chini. Ondoa lebo, na vitone hivyo vinakuwa kama mchele uliomwagika sakafuni.

Kiswahili kina neno zuri kwa ile mistari miwili ya pembeni: mhimili. Asili yake ni kuhimili, yaani kubeba na kustahimili. Ni neno la nguzo na dari kabla halijawa neno la hisabati. Naam, mhimili wa grafu hubeba maana yote ya vitone.

Siku hizi wengi hatuchori kwa rula. Tunaandika msimbo. Mojawapo ya zana zinazotumika sana ni Matplotlib, maktaba ya lugha ya Python iliyotolewa mwaka 2003 na John D. Hunter, mwanasayansi wa ubongo aliyehitaji kuchora mawimbi ya umeme ya wagonjwa wa kifafa. Hunter alifariki 2012. Jambo linalonivutia katika zana yake ni hili: haikuandikii lebo. Ukiipa namba mbilimbili na amri ya scatter, inakuchorea vitone na namba za pembeni, basi. Mhimili unabaki bubu mpaka wewe uandike set_xlabel kwa ule wa mlalo na set_ylabel kwa ule wa wima, na ndani ya alama za kunukuu uweke maneno unayoyataka. Kompyuta haijali ukiandika Kiingereza, Kiswahili au Kigiriama. Kwa hiyo tusiisingizie mashine.

Nilichukua jedwali la maji ya Kilindini, kama lile linalotolewa na Mamlaka ya Bandari, nikaorodhesha saa za maji kujaa kwa miezi kadhaa. Nilitaka grafu ambayo mvuvi wa Mtongwe angeweza kuisoma. Jedwali lenyewe limeandikwa kwa tarehe za kizungu na saa za kuanzia usiku wa manane. Ukimpelekea mvuvi huyo grafu yenye lebo hizo atakutazama kwa huruma na kukuuliza: "Sasa haya ni maji ya bamvua au maji mafu, mwanangu?" Swali lake ni la kisayansi kabisa. Maji ya pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika hamsini, kwa sababu yanaufuata mwezi. Tarehe 15 Machi haisemi chochote kuhusu bahari. Mwezi kumi na tano, ule wa mbinguni, unasema karibu kila kitu.

Nikabadilisha mhimili wa mlalo. Badala ya tarehe nikaweka siku za mwezi mwandamo, kuanzia 1 hadi 30, na vitone vilivyokuwa vimetapakaa vikajipanga katika mistari miwili ya mshazari, kama paa la makuti linavyoonekana kutoka upandeni. Kisha nikaondoa baadhi ya namba. Matplotlib hukuruhusu kuchagua alama zipi zionekane na ziandikwe nini: ax.set_xticks([2, 9, 16, 23], labels=["bamvua", "maji mafu", "bamvua", "maji mafu"]). Mstari mmoja tu wa msimbo. Siku hizo nne ni za makadirio. Bamvua ni siku kadhaa wala si nukta, na ukitaka uangalifu zaidi upake rangi hafifu siku mbili huku na mbili kule.

Maji mafu, kwa asiyejua, ni yale yasiyojaa sana wala kupwa sana, mwezi ukiwa nusu. Wafaransa nao huyaita maji maiti, na Wareno kadhalika. Sisemi tulikopa kwao. Watu wakitazama maji yaleyale huweza kufikiri mamoja. Bamvua ni kinyume chake, pale tofauti ya maji kujaa na kupwa Kilindini inapoweza kukaribia mita nne. Anayevuka Likoni anaijua tofauti hiyo kwa miguu yake, maana maji yakipwa sana, mteremko wa kuishukia feri huwa mkali.

Mhimili wa wima ndio ulionipa kazi. Saa ya Kiswahili, kama tujuavyo, huhesabiwa kuanzia magharibi na kuanzia macheo, na tofauti yake na saa ya kompyuta ni sita. Wengi wangebadilisha maandishi ya lebo tu: penye 7 waandike "saa moja asubuhi", penye 13 "saa saba mchana". Hiyo inasaidia nusu. Shida ni kwamba siku nayo haianzi pale kompyuta inapodhani. Kwa wazee wetu usiku wa Ijumaa ni ule ambao kalenda ya ukutani huuita Alhamisi usiku, na tarehe ya mwezi hubadilika jua likizama. Huwezi kuweka mwezi mwandamo kwenye mhimili wa mlalo kisha ukaacha siku ianze saa sita usiku kwenye mhimili wa wima. Mihimili miwili itakuwa inasema kalenda mbili.

(Majina ya siku yana mtego wake pia. Python huihesabu Jumatatu kuwa 0, ilhali jina lenyewe linapiga kelele kwamba ni ya tatu, kwa kuwa hesabu yetu huanza Jumamosi. Ukitegemea namba ya kompyuta kuunda jina, utaamka siku isiyo yako.)

Je, kwa nini lebo za namna hii ni adimu? Si kwamba maarifa hayapo. Mabaharia wa pwani hii walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365, unaoanza Nairuzi, wakaugawa kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua mwongo wa ngapi kaskazi huvuma na wa ngapi kusi huanza. Huo ni mhimili uliokwisha kugawanywa, tena kwa kumi. Na leo wanasayansi wa bahari tunao papa hapa bara: Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, iko Mkomani, upande wa Kisauni.

Sababu naiona katika historia ya lugha yenyewe. Mkutano wa 1928 uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa, na Kimvita, lahaja ya wenyeji wa mkutano, kikaachwa kando. Kamati ya lugha ikaundwa 1930. Baada ya uhuru, Tanzania ilifundisha hisabati ya shule za msingi kwa Kiswahili, na wataalamu wa Dar es Salaam wakatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kenya ilikifanya Kiswahili somo la lazima katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, lakini hisabati ikabaki ya Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Likoni hujifunza bamvua kwa babu yake na mhimili kwa Kiingereza, na maneno hayo mawili hayakutani hata siku moja katika daftari lake. Akifika chuo kikuu akaandika msimbo wake wa kwanza kuhusu maji aliyokulia kando yake, ataandika lebo kwa lugha ya mwalimu. Nani amlaumu? Ila babu yake, ambaye angeweza kumwambia kwamba kitone fulani kimekosewa, hatakiona kabisa. Hapo hasara si ya lugha peke yake. Data nayo imempoteza mkaguzi wake bora.

Sikusudii tutafsiri kila kitu. Mita ni mita, na kimo cha maji kiandikwe kwa mita. Wala maneno marefu si hoja: "mwezi mwandamo" likigongana na jirani yake, ongeza rotation=45 na litainama kama mnazi.

Turudi kwa saa. Dawa niliyoipata ni fupi: ichukue saa ya kompyuta, ongeza 6, gawanya kwa 24 na uchukue baki. Saa 20 inakuwa 2, yaani saa mbili usiku. Saa 7 inakuwa 13, yaani saa moja ya mchana. Kila saa ya 18 na kuendelea, siku ya mwezi isogezwe mbele kwa moja. Kisha mhimili uandikwe "saa 12 jioni" chini kabisa, "saa 6 usiku", "saa 12 asubuhi" katikati, "saa 6 mchana", na "saa 12 jioni" tena juu. Nilipouendesha msimbo huo, bamvua zote zilijaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na maji ya Alhamisi saa mbili usiku yakahamia safu ya Ijumaa.